Mpiga Dramu wa Akiba

Shaa, sha-sha. Shaa, sha-sha.

Sikio langu la kulia limekufa, la kushoto linanipigia mluzi kutwa nzima, lakini mlio huo naupata vilevile kama siku ile. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, napita mtaa wa Kasense na beseni la nyanya kichwani, nikasikia mtu anapepeta ulezi ndani ya nyumba. Nikasimama. Nani anapepeta ulezi mwezi wa pili, wakati ulezi wenyewe bado uko shambani? Nikachungulia dirishani kama mwizi.

Ndani kulikuwa na mzungu mzee, mweupe mpaka nyusi. Amekaa kwenye kiti kisicho na mgongo, mbele yake ngoma moja bapa, mikononi ana vifagio viwili vya waya. Hapigi, anafagia. Mkono mmoja unazunguka taratibu, mwingine unagusa na kuondoka. Aliponiona akainuka, akainamisha kichwa, akaniambia, "Shikamoo."

Beseni nusura lidondoke. Mzee wa miaka sabini ananiamkia mimi! Nikajikuta nimejibu, "Marahaba," halafu nikakimbia nacheka mpaka barabarani.

Kesho yake nilirudi. Nikasema shikamoo mimi, tukaanza upya.

Wadogo zangu mnaokuja kwangu Jumamosi kujifunza dramu, huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Mnaniuliza kila wiki, "Dada Leo, kwa nini uliacha bendi?" Nawajibu masikio, na ni kweli. Nimestaafu na miaka thelathini na sita, na mnaocheka chekeni, hata mimi nilicheka daktari aliponiandikia kwenye karatasi kwamba anachokiona ni masikio ya bibi kizee. Basi somo la kwanza nalitoa hapa hapa: pamba masikioni, kila mara, hata kwa mazoezi. Mimi niliona pamba ni mambo ya wagonjwa.

Lakini leo sitaki kuandika habari ya masikio. Nataka kuandika habari ya mzee huyo, Babu Atha, maana mimi niliishia darasa la saba na nikichelewa hakuna mwingine atakayeiandika.

Alikuja Sumbawanga kwa sababu ya mkewe. Mama Magreti alikuwa muuguzi hospitali ya misheni huku kwetu alipokuwa msichana, akarudi kwao Uingereza, akaolewa, lakini moyo wake aliuacha huku. Walipozeeka akamwambia mumewe, turudi nikafie kule. Wakarudi, na kweli akafia huku, mwaka wa pili tu. Watu wakadhani babu atafunga mizigo. Hakufunga. Aliendelea kupanga nyumba ile ile ya Kasense, akawa anakwenda makaburini kila Jumapili baada ya misa na kiti cha kukunja, anakaa pale kama mtu aliyekwenda kusalimia.

Mtaani walimwita Mume wa Nesi. Hakuna aliyejua alikuwa anafanya kazi gani. Wengine walisema padri aliyeasi. Mama yangu alisema huyo ni jasusi tu, maana mtu gani anakaa bila kulima?

Alikuwa mpiga dramu. Miaka arobaini, muziki wa jazi, kwenye mabaa ya kwao, kwenye kumbi za dansi, na miaka mitatu ndani ya meli. Hakuna aliyemjua hata huko kwao. Nilimwuliza siku moja, "Babu, wewe ulikuwa maarufu?" Akacheka mpaka akakohoa. Kiswahili chake kilikuwa kinatembea kwa magongo, lakini kilifika. "Mimi mtu wa akiba," akasema. "Mpiga dramu kuugua, wao kupiga simu kwangu. Yeye kupona, mimi kurudi nyumbani."

Yaani kama mchezaji wa akiba, anavaa jezi, anakaa benchi. Asubuhi alikuwa anasambaza maziwa kwa gari nyumba kwa nyumba. Alinionyesha santuri moja, ganda limechakaa pembeni. Akaniwekea kidole kwenye orodha ya majina ya wapigaji. Jina la mpiga dramu halikuwa lake. Yule mwenyewe aliumwa jino siku ya kurekodi, ganda lilikuwa limeshachapwa. "Dramu mimi," akasema, "jina yeye." Alisema bila uchungu, kama mtu anayekueleza mvua iliponyesha. Uchungu niliusikia mimi.

Sasa kazi yenyewe.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kamba. Dramu kubwa ya mguu, ukiipiga kwenye sakafu laini, inatambaa. Inakukimbia. Kwenye meli ilikuwa inakwenda mpaka kwa wacheza dansi, kwa hiyo alikuwa anaifunga kamba kwenye kiti alichokalia, ikitambaa inamburuta na yeye. Nyinyi mkienda kwenye ukumbi wenye vigae, chukueni kipande cha zulia na kamba. Mimi nilidharau. Harusi ya kwanza niliyopiga pale mjini dramu ilitambaa hadi miguuni kwa bibi harusi, na mimi nyuma yake nanyoosha mguu kama bata anayejifunza kuogelea.

Kitu cha pili ni baridi yetu. Ngozi ya dramu inajua kuwa iko Ufipa kuliko wewe. Mwezi wa saba, upepo ule wa asubuhi, inakaza mpaka inalia kama debe. Mvua zikianza inalegea kama uji. Kwa hiyo fika mapema, iache ikae ndani ya ukumbi nusu saa kabla hujagusa vibana vya kuikazia. Ikilia sana, bandika kipande cha kitenge. Siyo gundi! Kuna mmoja wenu aliweka gundi, simtaji, yeye anajijua.

Kitu cha tatu ndicho ninachokipenda. Alisema usimfuate mpiga gitaa, maana gitaa lina kiburi. Chagua mtu mmoja anayecheza, umfuate visigino. "Mama mnene," akaniambia. "Mama mnene hapana kudanganya." Nikaona hiyo rahisi. Harusi moja kijijini Mollo nikamchagua bwana harusi, nikidhani ni heshima. Kumbe bwana harusi alikuwa amekunywa pombe ya ulezi tangu alfajiri. Nilimfuata akaenda mbio, nikamfuata akasinzia, na Mwalimu Ambakisye akanigeukia na gitaa lake kifuani, "Leo! Unapiga muziki au unachunga mbuzi?"

Mwalimu Ambakisye ndiye aliyekuwa kiongozi wa bendi yetu. Mtu wa Mbeya, siku za kazi anafundisha shule ya msingi, wikiendi gitaa. Alinichukua kwenye bendi kwa ushuhuda wa Babu Atha, na siku zote alimheshimu, lakini kwa mbali, kama tunavyoheshimu picha ya ukutani.

Babu alikuwa na jambo moja analolitaka. Aliniambia mwaka wa saba wa kufahamiana kwetu, tukiwa tumekaa kibarazani tunakula migebuka. Alitaka apige wimbo mmoja mbele ya watu wa hapa, kwa vifagio vyake. Wamsikie, wajue Mume wa Nesi alikuwa nani. "Moja tu," akasema, ananyoosha kidole chenye mafuta ya samaki. "Mimi kuzeeka hapa. Watu kujua mimi mume tu. Mume vizuri. Lakini mimi pia kazi."

Nikasema, "Babu, hilo dogo."

Mnajua harusi zetu. Kuna ule wakati wa chakula, wali umeshapakuliwa, MC amenyamaza kwa sababu na yeye anakula, bendi inapiga muziki wa chini chini. Hapo ndipo mahali pa vifagio. Nikamwambia Mwalimu Ambakisye. Akakuna kichwa, akakubali: harusi ya Mwazye, wimbo wa chakula, babu anakaa kwenye kiti changu.

Babu alinyoa. Alivaa koti jeusi na tai nyembamba, vifagio amevitia mfuko wa ndani, upande wa moyo. Njia nzima kwenye pikapu alikuwa anagusagusa lile koti. Tulipofika Mwazye nikamshusha, nikamkalisha pembeni ya jukwaa kwenye kiti cha plastiki.

Hapo lazima niseme jambo. Mwazye ndiko alikozaliwa mama yangu. Mama zangu wadogo wote wanne walikuwa wamekaa mstari wa mbele, wamevaa sare, wamesuka. Hawakuwahi kuniona nikipiga. Mmoja wao ndiye aliyekuwa akisema mwanamke anayepiga dramu hazai. Nilipopanda kwenye kiti wakapiga vigelegele, na yule yule ndiye aliyezidisha. Wadogo zangu, vigelegele vya mama zako ni pombe. Nililewa.

Wali ukapakuliwa. Babu akasimama, akafunga kifungo cha koti.

Mwalimu Ambakisye akaniinamia. "Leo, jenereta linanguruma hivi, huyo babu hatasikika. Tutachekwa."

Ni kweli jenereta lilikuwa linanguruma nyuma ya turubai. Babu naye aliliona hilo. Alinionyesha kwa mkono, anazungusha kidole kama mtu anayefunga bomba: zima. Wimbo mmoja, dakika nne. Spika zingenyamaza, watu wangesikia kwa masikio yao. Ilikuwa ni kumwambia mtu wa jenereta tu. Mimi ndiye niliyekuwa na neno, maana Mwalimu Ambakisye alikuwa ananiangalia mimi, anangoja niseme.

Nikawaangalia mama zangu wadogo. Nikamwambia babu, "Baadaye, Babu. Baada ya keki."

Baada ya keki zikaja zawadi. Wapwa wa bibi harusi wakaingia wanacheza na masufuria kichwani, kisha kuku, kisha godoro, kisha mbuzi ambaye hakutaka kuingia, na kila zawadi inataka dramu nzito. Baada ya zawadi watu wakafungua dansi. Nilipiga siku ile kama sijawahi kupiga. Nadhani ndiyo siku niliyopiga vizuri kuliko zote maishani, na ndiyo siku ninayoionea aibu kuliko zote.

Katikati ya wimbo mmoja nikageuza macho pembeni. Babu alikuwa amevitoa vifagio. Amepakata boksi tupu la maji ya chupa, anapiga juu ya lile boksi. Macho amefumba, mkono mmoja unazunguka, mwingine unagusa na kuondoka, kama siku ile Kasense. Nilimwona vizuri kabisa. Sikusikia chochote. Bibi mmoja aliyekaa karibu naye alikuwa anacheka, amejiziba mdomo kwa khanga.

Jua likainama, dereva wa pikapu akaanza kupiga honi. Nikashuka kwenye kiti.

"Babu, nisamehe. Siku nyingine."

"Hapana shida," akasema. Alikuwa anakunja tai yake, anaiweka mfukoni. "Mimi zoea. Akiba hukaa."

Akanishika bega. Yeye ndiye aliyenifariji mimi, mnaona.

Siku nyingine haikuja. Harusi zilizofuata ama mvua, ama ukumbi mdogo, ama mimi mwenyewe sikukumbusha kwa sababu kukumbusha kulikuwa kunanikumbusha Mwazye. Ndiyo miaka hiyo vinanda vyenye dramu ndani vilianza kuingia mjini. Unabonyeza kitufe, dramu inapiga yenyewe, haichoki, haidai soda. Mwalimu Ambakisye alinunua kimoja, akakiweka kwenye bendi kama mke mdogo, nami nikawa napigania nyimbo tano, kisha tatu. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa benchi likoje.

Mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza, kifua kikambana babu. Nilimpelekea uji wa ulezi hospitalini, siku tisa. Siku ya nane akaniuliza, pole pole, "Leo, hapa nani kujua mimi nani?"

"Mimi najua, Babu."

"Moja."

"Moja haitoshi?"

Akatabasamu, akafumba macho. Sikumwuliza tena. Siku ya tisa uji niliurudisha nyumbani na moto wake.

Mnajua desturi yetu, marehemu husomewa wasifu. Alizaliwa lini, alisoma wapi, alifanya kazi gani, aliugua nini. Babu hakuwa na ndugu huku, kwa hiyo Katekista Deusdedit wa jumuiya yetu akanijia na karatasi. "Leokadia mwanangu, wewe ndiye uliyemzoea. Niandikie."

Nikakaa na kalamu. Na hapo ndipo nilipojua nimekuwa mwanafunzi mchoyo. Nilijua kamba, nilijua ngozi, nilijua mama mnene. Sikujua jina la mji aliozaliwa. Sikujua mama yake aliitwa nani. Miaka yote ile nilichukua ufundi, mwenye ufundi nikamwacha pale pale kibarazani. Nikaandika nilichonacho, mistari sita: mpiga dramu wa muziki wa jazi, miaka arobaini, kumbi za dansi, baa, meli, santuri moja isiyo na jina lake.

Katekista akasoma, akavua miwani.

"Mwanangu. Nitasimama vipi mbele ya paroko niseme marehemu alipiga ngoma baa miaka arobaini?"

"Ndiyo kazi yake, Katekista."

"Sawa, kazi. Lakini mkewe alituuguza. Watoto wa hapa wamezaliwa mikononi mwake. Tumtie doa sasa hivi, wamelala pamoja?"

"Siyo doa."

"Najua siyo doa kwako. Niachie mimi, nitalipanga vizuri."

Alilipanga vizuri. Makaburini, watu wamejaa kwa heshima ya nesi, upepo unatupigia sketi, Katekista Deusdedit akasoma kwa sauti nzuri kwamba marehemu alikuwa mume mwema wa Mama Magreti, Mkristo mtulivu, na mpenzi wa muziki.

Mpenzi wa muziki! Hata mimi mama yangu ni mpenzi wa muziki, na hajawahi kupiga hata sufuria.

Nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka kwa Katekista. MC wa msiba akauliza kama kuna mwenye neno. Akauliza mara mbili. Mwalimu Ambakisye akaniangalia, anangoja, kama vile siku ya Mwazye. Nikaangalia viatu vyangu. MC akasema basi, tuendelee na ratiba.

Wadogo zangu, nimewaambia mambo ya kuchekesha ili mnisikilize mpaka hapa. Sikieni hili. Kazi yetu ni ya kukaa nyuma. Watu wataijua sura ya mwimbaji, watalijua gitaa, wewe watakuita yule wa nyuma. Hilo halina ubaya, mimi nimelipenda. Lakini aliye nyuma anajuana na mwenzake wa nyuma, na wakati wa kulitaja jina lake ukifika, mdomo ni wako. Mimi mara mbili nilikuwa na neno, mara mbili nikalimeza. Bado naota mchana. Naota mmoja wenu, labda wewe unayevunja vijiti kila wiki, anakaa kwenye jukwaa kubwa, anaulizwa nani alikufundisha, na anataja watu wote, mpaka yule aliyembebea zulia.

Mafundi walimwaga zege juu ya kaburi mchana ule ule. La mkewe liko ubavuni, na kwenye saruji yake wazee aliowauguza zamani waliandika jina, na chini ya jina, MUUGUZI. La babu fundi aliandika jina kwa msumari, akapangusa mikono, akauliza kama kuna lingine. Katekista akasema hakuna. Watu wakatawanyika kwenda kula.

Mimi nilisema nimesahau kitu. Nikarudi peke yangu. Zege lilikuwa bado bichi, likianza kushika. Nikapiga magoti kwenye udongo, nikachomoa pini kwenye nywele zangu, nikaandika chini ya jina lake MPIGA DRAMU. Sikupima nafasi vizuri, herufi ya mwisho ikabanwa ukingoni, imelala kidogo. Upande wa Mollo mawingu yalikuwa yameshafunga. Matone ya kwanza yalipoanza nikavua khanga ya mabegani, nikazifunika zile herufi, nikaweka jiwe kila pembe, nikakaa pale nimelowa mpaka saruji ikashika.